Nilivyompanda Ngiri Mbele ya Baba Mkubwa

"Akitoka, atakimbilia wapi?"

Baba mkubwa aliniuliza swali hilo jana jioni. Leo ninalo jibu. Anakimbilia kwangu.

Jamani, leo nimeaibika mpaka mbuzi wamegeuka kunitazama. Naandika nikiwa nimekaa upande mmoja, upande wa pili una miiba.

Kwa wasiojua: nipo nyumbani Getanuwas, digrii iko kabatini, kazi bado natafuta (usiulize). Ngiri wamekuwa wakila mahindi ya mama kwenye shamba la chini. Wanaangusha bua zima, wanakula hindi nusu, wanahamia jingine, kama wageni wa harusi. Baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, akatoa uamuzi: wakila tena wiki hii, shamba liachwe, ng'ombe wake walishwe hapo. Na hilo ndilo shamba linalotulisha. Mama alikuwa analala kibandani shambani kila usiku, anapiga debe kuwafukuza, anakohoa. Mahindi yanaliwa vilevile.

"Mama, umewahi kuwaona usiku?"

"Si ndiyo saa yao?"

"Nani kawaona?"

"Kila mtu anajua."

"Kila mtu nani?"

Mama akaweka mwiko chini. "Huko chuo mlifundishwa kuuliza tu? Kwenye kujibu hamkufika?"

Basi nikaenda kukaa juu ya jiwe, nikatazama. Siku ya kwanza nikaambulia jua la utosi. Siku ya pili nikawaona. Mama anatoka kibandani asubuhi kwenda kupika uji, wao wanaingia! Kama walinzi wanaopokezana zamu. Usiku wamelala zao shimoni, mama anawapigia debe la bembelezo.

Nikaendelea kukaa. Nikajua wanakula wamepiga magoti, alama zinabaki kwenye udongo. Jua likiwa kali wanakwenda kugaagaa topeni. Jioni wanarudi kwa njia ileile, hawabadilishi. Na shimo lenye tope bichi mdomoni ndilo lenye mwenyewe, maana wakiingia wanajipangusa. Letu lilikuwa kwenye kichuguu cha zamani, hatua chache kutoka boma la miiba la shamba.

Kaka Gwandu, mtoto wa baba mkubwa, alicheka mpaka akashika mti. "Dada, sisi tunawinda kwa mbwa. Wewe unawinda kwa makalio."

Lakini alikuja. Leo alfajiri alikuja na vijana wenzake na mikuki (kijiji kilishapewa ruhusa ya kuwaua, msinianzie). Nikawapanga pande mbili za shimo. Mimi nikapanda juu ya kichuguu kutoa ishara, kama jenerali. Amri yangu ilikuwa moja: mtu yeyote asisimame mbele ya shimo. Nilirudia mpaka Gwandu akaninong'oneza, "Tumesikia, mwalimu."

Kukatulia. Jua likaanza kupiga kichuguu. Ndani tukasikia mkoromo.

Hapo ndipo baba mkubwa akatokea na fimbo yake, anakuja kuhakikisha nimeshindwa.

Sasa nielewe. Mzee yuko chini, wewe uko juu ya kichuguu, unamdondoshea shikamoo kama unamrushia mbuzi majani? Kwetu haiwezekani. Heri uache kusalimia. Na kuacha kusalimia ndiyo haiwezekani kabisa. Nikashuka. Upande uliokuwa na pa kukanyaga ni mmoja tu, wa mbele. Nikasimama vizuri, shimo mgongoni, nikapiga goti kidogo. (Mimi! Ninayehoji hata sala ya chakula! Hili sikulihoji.)

"Shikamoo baba mku..."

Ardhi ikaondoka. Kitu kikanipita katikati ya miguu, ila hakikupita chote. Nikajikuta nimekaa. Nimekaa juu ya ngiri! Dume! Nywele zake ni ufagio wa chelewa, na mwendo ni wa pikipiki isiyo na breki. Tunamwendea baba mkubwa moja kwa moja.

Mzee hakukimbia. Alisogea pembeni kama anayempisha mtu barabarani, akasema:

"Marahaba."

Nilipiga kelele ya kumwita mama, tena kwa kilugha. Ngiri alitaka bondeni, lakini uzito wangu ulimvuta upande (leo nimeushukuru ugali). Tukaingia wote kwenye boma la miiba. Mimi nikabaki juu ya miiba, yeye akanasa chini yake, na Gwandu akafika na mkuki. Mmoja tu. Ukatosha.

Kelele za shangwe zikapanda! Waliobaki shimoni wakatoka wakakuta mikuki imeshajipanga. Hakuna aliyepita.

Nikanyanyuka nipokee sifa. Wakageuza nyuso. Kumbe kitenge cha mama nilichojifunga kimebaki kwenye pembe ya ngiri, na mimi nimebaki na kaptula ya michezo ya chuo. Nyuma imeandikwa MABINGWA.

Bibi mmoja wa jirani akaja na siagi, akanipaka kichwani kama wanavyompaka kijana aliyeua simba. Alikuwa anacheka mpaka machozi, lakini alipaka kweli. Baba mkubwa akazunguka mizoga, akakohoa, akamgeukia mama: "Shemeji, lima shamba lako."

Mama leo analala kitandani. Kwa hiyo ukitaka kucheka, njoo ucheke hapa, umeshika hindi lake la kuchoma.

Naongeza haya mwaka mwingine kabisa: nilikwenda mnadani Nangwa, nikakuta kisa hiki kinajulikana. Ila aliyempanda ngiri ni baba mkubwa, na hakupiga kelele hata kidogo.