Nailoni ya Chumba cha Mama

Jumatatu, 3 Juni
Mama amechoka kuishi peke yake. Jumapili ataamua: kwangu au kwa Dada. Dada ameshamwandalia chumba kikavu, dari imefunikwa karatasi ya fedha, ile ya kung'aa, hadi pembeni. Mimi nina chumba alichojenga marehemu Baba, ubavuni mwa jiko, na mvuke wote unapanda humo. Lazima nimshinde! Nina miaka hamsini na miwili, lakini kwa Dada bado ni wa kutumwa sabuni.

Jumanne, 4 Juni
Fundi amekuja. Anasema sufi ya kuzuia baridi ikipata mvuke italowa, kwa hiyo chini yake kiwepo kizuizi: karatasi ya fedha au nailoni nzito. Yeye anapendelea karatasi. Kama ya Dada? Thubutu!
Tulipobomoa dari kuukuu, nikakuta mwandiko wa Baba kwenye boriti, kwa penseli: “Leo tumepandisha paa. Kitindamimba analia.” Kitindamimba ndiye mimi. Nilikaa juu ya ngazi hadi chai ikapoa. Nikanusa tena maranda. Nikamwona, penseli sikioni, misumari mdomoni, na bado anaimba.
Nimechagua nailoni. Inaonyesha, Baba atasomeka!

Alhamisi, 6 Juni
Sufi imejazwa kati ya boriti, nailoni imepigwa chini yake. Fundi kaziba viungo vyote kwa utepe wa gundi. Bosi, akasema, hata pini usiichomeke hapa. Mbao za dari nimezikataa. Mke wangu akauliza kama mama mkwe wake atalala ndani ya mfuko.
Tatizo: Baba hasomeki vizuri. Ni kama kumsoma kupitia uji.

Ijumaa, 7 Juni
Nimekata kidirisha kwa wembe. Kadogo, saizi ya bahasha. Mvuke una chumba kizima cha kuzungukia, utakifuata hicho cha nini? Kitanda nimekisogeza chini yake, Mama asome akiwa amelala. Akili hizi!

Jumapili, 9 Juni
Mama kaja, Dada nyuma yake kama mkaguzi. Jikoni masufuria yalikuwa yakichemka tangu asubuhi. Mama akajilaza kujaribu kitanda. Akasoma. Akafuata herufi kwa kidole hewani. Akasema siku ile nililia kwa sababu Baba alininyang'anya nyundo. Nimeshinda, nikajua.
Tone likamwangukia kwenye paji la uso. La pili. Kisha bonge la sufi, limelowa chapachapa.
Dada alimpa Mama leso tu. Afadhali angenitukana!
Mama kaenda naye. Mlangoni alinishika shavu, akaniambia, mwanangu, kwako nimekosa ukavu tu. Na huko nitakachokosa ni yale maandishi.

Jumatatu, 10 Juni
Sikulala vizuri, lakini nimepata jibu. Paa lina boriti nane. Nikimpelekea Mama moja, ile ya Baba, nyumba itajuaje?
Nimeazima msumeno kwa Fundi. Nimemwambia ni wa kukatia kuni.