Vita vya Dhapu na Ng'ombe wa Mkwe Katika Matete ya Gesi

Sogeeni, enyi wenye mabinti wa kuozwa na wenye mashamba yasiyo na lango la maana, mpate habari za Dhapu, Simba Jike wa Mchangani, Mlinzi wa Matete, siku aliyosimama peke yake mbele ya ng'ombe.

Ulianza uvumi. Kisimani walisema matete tunayokiuzia kiwanda kinachoyachachusha kuwa gesi ya kupikia, yakichipua wakati wa ukame, humwua ng'ombe kabla hajameza. Na kwetu, ambako ng'ombe ni mtakatifu, nyumba ambayo ng'ombe amefia shambani mwake, nani atakwenda kuoa huko? Uvumi ukamganda Dhapu kama kupe, akakesha nao, kwa maana bintiye Sugni alikwisha chumbiwa. Asubuhi akachelewa kuamka.

Ndipo lango la miiba likaanguka. Akatoka shujaa, mtandio ukipepea kama bendera ya majeshi, akamwona Dhauli, jemadari mwenye nundu, kati ya machipukizi, ulimi nje. Naye Dhauli ni ng'ombe wa Gavri, na Gavri ndiye mama wa bwana harusi.

"Mchape fimbo, mama," Sugni akasema.

"Nimchape ng'ombe? Tena wa mkweo? Bora unichape mimi."

Akakutanisha viganja, akanena: "Ewe Dhauli, binti wa ng'ombe wenye heshima, mimi nawe hatuna ugomvi. Toka, usinivunjie harusi."

Dhauli akamgeuzia mkia. Dhapu akamsukuma ubavuni kama asukumaye ngome, na ngome ikamwegemea.

Gavri akatokea kwenye uzio. "Mkwe, mbona unakumbatiana na ng'ombe wangu?"

"Tunasalimiana, mkwe."

Sugni akacheka. "Mama, si anadai chapati yake? Ya kwanza kila siku unampa yeye, hapo hapo langoni. Leo hujapika."

Akakimbia kupika, akaleta chapati ya mawele na kipande cha sukari guru. Dhapu akaiinua juu kama upanga, akarudi kinyumenyume, na jeshi lote la adui, miguu minne, likamfuata hadi nje. Vizazi na vikumbuke: halikuliwa hata chipukizi moja. Lililokanyagwa ni moja, na aliyelikanyaga ni Dhapu.

"Kumbe ndiko anakotorokea," Gavri akasema. "Basi siku ya harusi pika nyingi. Tutakuja naye."

Ya kuepuka:
Usimlishe ng'ombe wa mtu langoni mwa shamba. Mpelekee kwao.
Usikate matete hadi chini wakati wa ukame, shina litakufa. Acha kisiki.
Usiache mnyama aonje machipukizi, uvumi uwe kweli, uwe uongo.
Usifunge lango kwa tawi moja la miiba.
Usikeshe na maneno ya kisimani. Utachelewa kupika.