Mcheza Dansi Aliyeganda na Mguu Hewani

Jumatatu, 4 Machi
Siku tukufu! Shangazi, mwenye studio hii ya katuni na mwenye riziki yangu, amenipa tangazo la kiwanda cha rangi za nyumba. Mwenye kiwanda akiridhika Ijumaa, nitakuwa mkuu wa picha. Nikiharibu, cheo kinakwenda kwa yule dada tunayemwita Kimya kwa kuwa haongei. Nimemwambia Shangazi atulie, mambo ya rangi niachiwe mimi. Akasema hapo ndipo wasiwasi wake unapoanzia. Ana utani sana.

Jumanne, 5 Machi
Tangazo tamu mno! Binti anacheza dansi mbele ya ukuta, na kila akizunguka, ukuta unabadilika rangi. Asubuhi nimefungua mipangilio ya kazi hii kwenye programu ya katuni, nikakuta sehemu ya usimamizi wa rangi. Visanduku kumi na kimoja! Nimeweka tiki vyote. Vya nini? Sijui. Lakini mkuu wa picha hanyimi kisanduku tiki.
Saa tano nikabonyeza nitazame nilipofikia. Binti akanyanyua mguu. Nikaenda kunywa chai. Nikarudi. Mguu bado uko hewani!
Sababu iko wazi: kompyuta imezeeka.

Jumatano, 6 Machi
Kimya ana kompyuta mpya. Alipokwenda kung'olewa jino, nikaanza kubadilisha mashine. Nikagonga kichwa chini ya meza mara mbili, nikanaswa na waya. Shangazi akaingia, akakuta nusu yangu ya nyuma tu. Akauliza kulikoni. Nikasema nafanya usafi. Akafurahi, akaniambia nimalize meza zote.
Meza saba!
Hatimaye nikafungua kazi kwenye mashine mpya. Binti akanyanyua mguu. Ukabaki palepale.
Kimya alirudi shavu limevimba, akaketi kwenye kompyuta yangu kuukuu, kazi ikamwendea kama maji. Hakuuliza neno. Huyu mtu ananitisha.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeiba feni ya Shangazi niipooze mashine. Karatasi zote zimeruka, mguu haujashuka. Shangazi akaja kuifuata feni yake, macho yakatua kwenye skrini.
"Mwanangu, huyu binti ameganda?"
Nikaeleza kwamba ni mtindo mpya wa kisanaa.
"Mtindo wa kushindwa kushusha mguu?"
Akamwita Kimya. Kimya akatazama, akabofya mara mbili, akatoa hotuba ndefu kuliko zote tangu aajiriwe: "Umewasha usimamizi wa rangi kwa kila tabaka la mchoro. Programu inabadilisha rangi za kila picha kabla ya kukuonyesha, ndiyo maana inakwama. Zima ukiwa unatengeneza. Washa tena ukitoa filamu yenyewe."
Binti akashusha mguu! Akazunguka kama pia! Shangazi akashika kiuno akacheza naye, mimi nikapiga makofi mpaka viganja vikauma. Kisha nikawaeleza kwamba nami nilikuwa karibu kuzima.

Ijumaa, 8 Machi
Kuzima nakumbuka. Kuwasha nilisahau.
Mwenye kiwanda, mama wa miwani mizito, alikaa mbele kabisa. Binti akazunguka, na bluu yao maarufu ikatoka zambarau, biringanya kabisa! Mama akasimama. Akauliza rangi ile ni ya nani, maana kiwandani kwake haipo. Shangazi akanitazama.
Kimya akasema ni kosa la mipangilio, apewe dakika ishirini. Akapewa, na bluu ikarudi bluu. Yule mama alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Tangazo amelikubali, na ile zambarau pia anaitaka, ataichanganya kiwandani! Akauliza ni kazi ya nani. Nikainua mikono yote miwili.
Shangazi naye akatangaza mkuu wa picha: Kimya. Mimi, msaidizi wake.

Jumatatu, 11 Machi
Msaidizi wa mkuu! Cheo kirefu kuliko cha mkuu mwenyewe, herufi mara tatu. Nimewapigia ndugu wote.
Kimya amebandika karatasi kwenye kompyuta yangu: USIGUSE MIPANGILIO. Nimeitii. Nimegusa ya kompyuta yake tu, ambayo haina karatasi. Nimekuta sehemu ya vivuli, nikaivuta hadi mwisho, iwe zawadi yake ya cheo.
Namsikia anapanda ngazi kutoka ofisini kwake chini, tena mbiombio. Anakuja kunishukuru.