Yah: Jina la Shule Kuwekwa Juu ya Mstari wa Kwanza

Kwa Mkuu wa Shule,

Shikamoo.

Kabla sijalalamika, nikiri jambo ambalo sijamwambia mtu: wenzangu wakienda netiboli, mimi hujificha maktaba kusoma mwongozo wa kujenga makasha ya programu, yaani vifurushi vinavyoiwezesha programu kufanya kazi kwenye kompyuta yoyote. Ndiyo maana najua kilichomponza mwenzetu Ngassa.

Jumatatu, programu ya klabu yetu ya kompyuta, ya kuhesabu mizinga ya wafuga nyuki wa Ipole, iligoma kujengwa. Mlezi wetu, Mwalimu Mathias, amemfuta Ngassa kwenye safari ya kwenda kuionyesha, kwa kuwa ndiye aliyeandika faili la maelekezo ya kuijenga. Nalalamika hivi:

1. Faili hilo huanza na mstari wenye alama ya reli (#), unaoiambia kompyuta ifuate kanuni za toleo gani. Unafanana na maelezo ya pembeni, lakini ni amri, na sharti lake ni kuwa wa kwanza kabisa. Ukitanguliwa hata na mstari mtupu, kompyuta huupita. Yetu ilirudia kanuni zake za kizamani, ikakuta maelekezo mapya ya Ngassa isiyoyajua, ikasimama.

2. Juu ya mstari huo palikuwa na jina la shule, kaulimbiu na tarehe, kwa kutii agizo lako tukufu kwamba kila kazi ianze na kichwa hicho. Mwalimu Mathias husema, "Karatasi isiyo na jina la shule ni ya kufungia karanga." Kompyuta ilionyeshwa kaulimbiu yetu na haikuguswa.

3. Misafara ya hapa Tabora ilitanguliwa na kirangozi aliyeijua njia. Kwa agizo lako angetanguliwa na kibao cha shule, na wote wangeishia Kitete, hapa hapa mjini, wakisubiri hotuba.

4. Basi agizo likamilishwe: mgonjwa ataje kaulimbiu kwanza, ndipo aseme anaumwa wapi. Vinginevyo, Ngassa arudishwe.

Wasalimie walimu wote, wapishi na mlinzi wa geti.

Wako mtiifu,
Elieth, Kidato cha Tano

N.B. Nimefungua historia ya faili ili nikuambatishie ushahidi. Ngassa aliliandika sawasawa. Kichwa kiliongezwa Ijumaa kwa jina langu. Nilibandika kwenye mafaili yote tisa bila kuyasoma, nikiogopa kukaripiwa mbele za watu. Na agizo lako, nimelisoma ubaoni leo, linahusu karatasi za mitihani tu.

Nimekifuta kichwa, programu ikajengwa. Kisha nimekwenda kwa Mwalimu Mathias nikamwambia ni mimi. Amerudisha jina la Ngassa na kukata langu.