Uzinduzi wa Modeli ya Joto, Santa Filomena

Mtukufu Padre Anselmo, uliyetunyunyizia maji ya baraka bila ubahili. Mheshimiwa Meya pamoja na mkeo wa ndoa. Makapteni wa mitaa yote kumi na saba, walioalikwa na waliojileta. Malkia wa fiesta wa mwaka huu, na yule wa mwaka juzi ambaye hadi leo hajarudisha taji. Wanachama watukufu wa Ushirika wa Umeme. Mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa, na pale ilipoteleza isamehewe. (Makofi. Jogoo anawika.)

Nimesimama hapa, mimi Teodulo Macaraig, Mwenyekiti wenu kwa muhula wa nne mfululizo, kuzindua rasmi, kwa mujibu wa mpango mkakati shirikishi na endelevu, Mradi wa Modeli ya Kukokotoa Joto la Transfoma, ambao turubai lake, lenye picha ya uso wangu upana wa mita nane, mnaliona nyuma yangu limefungwa barabara kwenye transfoma yenyewe. (Makofi. Merlinda Dacumos, inhinyera, yaani mhandisi, wa ushirika, anapunga mikono uzioni: "Mwenyekiti, turubai limeziba mapezi ya kupozea! Mafuta yamefika nyuzi themanini na nane!")

Asante, Inhinyera, kwa takwimu. Ndugu wanachama, mwaka jana siku kama ya leo tulikuwa na nyuzi sitini na mbili tu. Leo themanini na nane! Hilo ni ongezeko la asilimia arobaini na mbili katika uongozi wangu! (Vifijo.)

Sasa, kitaalamu. Ndani ya transfoma mna waya za shaba zilizozamishwa kwenye mafuta. Waya zikipata moto, mafuta hupanda, huingia kwenye mapezi, hupigwa upepo, hupoa, kisha hushuka kuanza upya. (Sauti: "Wewe mbona ukipanda hushuki?" Kicheko.) Nani huyo? Mwandikeni jina. Lakini je, ni wapi hasa kwenye shaba hiyo penye moto kuliko kote, huko ndani kusikofikiwa na kipimajoto? Hiyo ndiyo kazi ya modeli: kupajua kabla hapajaungua. Na utafiti wetu wa kina, tulioufanyia Baguio kwa majuma mawili kwa kuwa kule kuna baridi ya kutosha kufikiria joto, umethibitisha kwamba asilimia tisini na saba nukta tatu ya transfoma zilizoungua zilikuwa na joto kabla ya kuungua. (Makofi ya heshima.)

(Inhinyera: "Tisini na tisa! Ikifika mia na tano inajizima yenyewe! Nakuomba, tulishushe!" Aling Pasing, mwenye kiwanda cha barafu, anasimama: "Nina tani tatu za samaki wa bangus hapo kiwandani, Mwenyekiti! Umeme ukikatika, kesho kwenye fiesta watu watakula nini, hotuba?")

Mama yangu, punguza jazba. Turubai hili limekwisha kubarikiwa, na kilichobarikiwa hakishushwi mpaka fiesta iishe. Si ndivyo, Padre? (Padre anaangalia viatu vyake.) Mnaona? Amekubali.

(Inhinyera, akilia: "Mia na mbili!") Tumevuka mia! Simameni, jipigieni makofi! (Umati unasimama. Bendi inapiga. Aling Pasing anachomoa kisu cha samaki kiunoni na kuelekea uzioni.)

Mafuta yetu! (Umati: "Fahari yetu!") Transfoma baridi! ("Macaraig tena!") Nikihitimisha, namshukuru kwa namna ya pekee mpwa wangu Rodelio, mkandarasi mkuu, aliyechapa turubai hili kwa ukubwa usio na mfano, hata hakikubaki kitu cha kununulia vipimajoto, wala kompyuta, wala hiyo modeli yenyewe, ambayo hata mimi natamani siku moja niione. Asanteni san...

(Mlio mzito. Kipaza sauti kinakufa, feni za jukwaani zinasimama. Aling Pasing anakata kamba. Wanawake wa kiwandani wanalipokea turubai, wanakimbia nalo na kulitandika, uso wa Mwenyekiti ukitazama juu, kwenye masanduku ya samaki ili barafu isiyeyuke. Mwenyekiti anapaza sauti bila kipaza: "Mnaona, wanachama? Mradi umeanza kupoza!"

Aling Pasing hata hageuki. "Vuta hilo shavu huku," anamwambia mwenzake. "Bado masanduku mawili hayajafunikwa.")