Daraja la Faiba Juu ya Josho la Nkololo

Nyie mnaosema humu kwenye grupu kwamba Maduhu hajui kazi, komeni. Komeni kabisa! Aliyeaibika leo ni mimi peke yangu, na ngoja niwaambie ilivyokuwa, nikiwa bado nanuka dawa ya kupe.

Maduhu ndiye fundi wangu. Chuo sijasoma, yote niliyonayo kichwani kanitia yeye (na simu kidogo). Hapa Nkololo wafugaji wamelichukua josho lililoachwa na serikali, wakataka kidaraja juu yake, mtu asimame awasukume ng'ombe wanaoogelea. Mbao zinaoza. Chuma, dawa inakila. Maduhu akaleta mihimili ya faiba, ile plastiki ngumu yenye nyuzi za kioo, myepesi kama mabua. Ila mifupi! Lazima uunge miwili: kibao cha faiba huku na huku, gundi katikati, halafu bolti. Ikishika, tunapewa kazi ya josho la Mwamapalala pia.

Juzi tukaunga. "Kwaruza na msasa mpaka ipauke," Maduhu akaniambia, "halafu ufute vumbi." Nikakwaruza. Ikapauka hasa, kama goti la mtoto wakati wa kiangazi. (Nikaihurumia. Nikaifuta vizuri, kwa namna yangu.) Maduhu akapaka gundi, tukabana na jiriwa, chini tukaegemeza nguzo ya mti.

Leo asubuhi akasema, "Nafuata bolti Bariadi mjini. Mtu asipande."

Kabla hajarudi, huyo Ngassa. Fundi wa kuchomelea, kazi hii aliitaka yeye.

"Mwangaluka, fundi gundi."

"Mwangaluka."

"Hilo beseni ndilo libebe mtu? Naona mwalimu wako kakimbia mapema."

Kakimbia! Maduhu! Na wafugaji wamejaa pale wanasikiliza, mwenyekiti wao anakuna kidevu. Nikaona Mwamapalala inaondoka hivi hivi.

"Kakimbia nani? Tazama!"

Nikafungua jiriwa. Nikapiga teke nguzo. Nikapanda mpaka katikati. Ikabeba! "Mnaona?" Nikaruka kidogo. (Kwa nini niliruka? Hata mimi sijui.)

Kitu kikivunjika si kinalia? Hiki hakikulia. Kiliteleza tu, taratibu, kama ulimi. Mimi huyo ndani ya josho! Na josho lina njia moja tu ya kutokea, ile ya ng'ombe. Nikapanda zile ngazi kwa mikono na miguu, kiatu kimoja, watu wote wanatazama.

"Mayu wane!" mama mmoja akasema. "Huyu hapati kupe mpaka masika."

Nikamrukia Ngassa, nikamkaba shati. "Umeihujumu! Umeifanyia nini?" Yeye anacheka mpaka anakohoa. Mimi sielewi. Gundi ile ile, jiriwa zile zile!

Maduhu akatokea na bolti zake. Akaenda kwenye kiungo, gundi imebanduka safi kama ganda la yai la kuchemsha. Akapitisha kidole, akanusa. Akanusa tena.

"Mbona inanukia samli?"

Nikaachia shati la watu.

"Si ulisema nifute vumbi, fundi? Nikafuta. Na kitambaa cha samli. Ilikuwa kavu! Ingepasuka!"

Jamani, kwetu kibuyu kinapakwa samli. Mpini unapakwa. Ngozi ya ngoma inapakwa. Mtoto mwenyewe anapakwa! Mimi nilijua nimeongeza ufundi.

Walicheka mpaka ng'ombe wakageuka. Maduhu hakucheka. Akamgeukia mwenyekiti: "Kosa langu. Sikumwambia gundi na mafuta haviivani." Heri angenipiga. Hapo nilitamani kurudi joshoni.

Mwenyekiti akakuna kidevu tena. "Ungeni upya. Ikishika, tutaongea ya Mwamapalala. Ila wa kwanza kupanda ni huyu huyu."

Basi jioni hii nimekwaruza upya. Imepauka vile vile, inanitazama. Na wewe unayecheka hapo, sema ukweli: ungeweza kuiacha kavu hivyo hivyo?