Upepo Ulivyofua Sukari ya Wakwe

Vijana mliomo humu kwenye kundi la simu, acheni kwanza mengine mnisome. Leo nimeumbuka. Nawaambia mwenyewe kabla mjukuu wangu Aber hajawasimulia, maana yeye akisimulia ataongeza chumvi. (Chumvi ndiyo iliyobaki. Sukari mtasikia.)

Mwanangu Rajabu anafanya kazi na watu wa umeme. Walileta majaribio huku kwetu Kisugu, wakapigilia ukutani kisanduku cheupe chenye taa. Rajabu akanikalisha akanieleza. Huko Karamoja kuna mapangaboi makubwa, upepo unayazungusha, yanatoa umeme. Upepo ukivuma sana, umeme unakuwa mwingi na hauna wa kuutumia. Basi kisanduku kinaziambia mashine za nyumbani: haya, fanyeni kazi. Upepo ukilala, kinaliambia friji: pumzika kidogo, baridi uliyonayo inatosha.

Nikamwambia hilo si la kunifundisha. Marehemu baba yake alikuwa askari, nimepika kambini mpaka mikono ikazeeka. Posho, yaani ugali wa kambini, ikiiva unagonga sufuria, watu wanakuja na sahani. Huwezi kuiweka mpaka wiki ijayo.

Akaniletea na mashine ya kufulia. Mimi nafua kwa mikono, beseni na sabuni ya mche. Nguo isiyosuguliwa haijafuliwa! Lakini zawadi ya mtoto haikataliwi. Nikaiweka pembeni ya sebule, nikaifunika kitambaa changu nilichofuma mwenyewe, nikapanga maua ya plastiki juu. Kwa nje ikawa meza. Kwa ndani ikawa kabati langu.

Msinitazame hivyo. Nyumba ya watu wengi sukari haikai. Humo nilikuwa na sukari, biskuti za wageni, kopo la odi, ile siagi ya karanga na ufuta ambayo dada yangu huniletea kutoka Gulu, na kitu kimoja kingine. Nitakitaja mbele, msiniharakishe.

Asubuhi ya leo Rajabu alikuja akamimina sabuni ya unga kwenye kidroo cha mashine, akabonyeza-bonyeza.

"Mama, leo upepo utakuwa mzuri. Nimeitega. Wewe weka nguo, funga mlango. Itaanza yenyewe."

Nilikuwa nachambua mchele. Nikasema, "Ndiyo." (Ndiyo ya mtu anayechambua mchele si ndiyo.)

"Na lile friji bovu huko nyuma, nimwite mnunua vyuma?"

"Mwite."

Mjue kwamba leo ilikuwa siku ya wakwe. Aber ana mchumba, Baraka, kijana wa Kikongo anayeuza vitenge Nakivubo. Amelelewa na shangazi yake, Mama Furaha, na neno la Mama Furaha ndilo la mwisho. Alikuwa anakuja kuona nyumba alikotoka binti. Akiona uchoyo, harusi imekufa. Aber amekonda wiki nzima. Nikamwambia, "Tulia. Nyumba hii nitaisemea mimi."

Wakaja mapema! Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya mashine nataka kutoa sukari, nikasikia hodi. Siku zote ule mlango naurudishia tu, siufungi. Leo kwa haraka nikausukuma kwa goti. Ukalia ka! Nikashusha kitambaa, nikaenda kupokea wageni.

Mama Furaha ni mama mnene wa heshima, kitenge kimepigwa pasi hadi kinakata. Akachagua kiti kinachotazamana na mashine. (Viti vyote vilikuwepo.) Tukaomba, tukasalimiana, tukaulizana habari za safari ya kutoka mjini kana kwamba wamevuka mpaka.

"Muko na nyumba ya muzuri, mama," akasema.

"Asante, mama. Na hapa hatufichi kitu. Angalia kabati lile la vyombo, halina hata kufuli."

Aber akaleta chai. Akaniinamia mimi bibi yake sikioni. "Jaja, sukari iko wapi?"

Sasa ningefanya nini? Nipige magoti mbele ya wakwe niingize mkono chini ya meza? Nikasema kwa sauti, "Sukari imekwisha asubuhi hii. Tutakunywa hivi hivi, ni nzuri kwa moyo."

Mama Furaha akachungulia kikombe chake. Baraka akameza mate. Aber akaniangalia kama mtu anayezama.

Hapo ndipo maua ya plastiki yalipoanza kutikisa vichwa.

"Mama," akasema Mama Furaha polepole, "meza yenu inanguruma."

"Ni lori linapita barabarani."

"Linapita ndani?"

Kitambaa kikaanza kuteleza. Nilikiona kikienda na sikuweza kuinuka. Kikaanguka pamoja na maua, na mashine yote ikawa wazi, kile kioo chake cha duara kikitutazama kama jicho. Maji yalikuwa yanaingia.

"Munafua nini ile?"

"Nguo."

"Nguo yenye imeandikwa sukari?"

Mfuko ulikuwa umebandika jina lake kwenye kioo, wima kabisa, hata mimi niliyesoma kidogo nikalisoma. Kisha ukapasuka. Zikapita biskuti. Kopo la odi likafunguka, maji yakawa kahawia. (Msiniulize yalifanana na nini. Wakwe walikuwa wanakunywa chai.) Halafu ndani ya lile tope kitu kikaanza kugonga kioo, ko, ko, ko, kama mtu anayebisha atolewe.

Aber akasimama. "Jaja! Rimoti!"

Ndiyo. Rimoti ya televisheni. Ile ambayo nyumba nzima iliinua magodoro kuitafuta. Ile niliyosema imechukuliwa na watoto wa jirani, basi tukae jioni tuongee kama watu. (Na tuliongea vizuri sana.)

Rajabu akaingia mbio kutoka nje, simu mkononi, anacheka. "Mama, upepo umekuja! Umeona? Imeanza yenye..." Akaona kioo. Akashusha simu.

"Zima," nikasema.

"Nikizima sasa mlango haufunguki, maji yamejaa. Tungoje imalize."

Tukangoja. Watu wazima tumekaa kwenye viti, tunakunywa chai isiyo na sukari, tunatazama sukari ikifuliwa. Televisheni ilikuwa kimya wiki nzima, lakini leo nyumba yangu ilipata kipindi.

Mama Furaha akaweka kikombe chini. Aber alikuwa ameshika ukingo wa kiti. Nami nikajiambia, wewe mwanamke, umeua harusi ya mtoto kwa ajili ya sukari.

"Mama yangu mimi, kwetu Bukavu," akasema Mama Furaha, "alikuwa anaficha sukari ndani ya chungu ya maharage. Siku moja hayuko, tukaweka chungu ku moto."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka kilemba kikalala upande, Baraka akamfuata, na Rajabu msaliti naye akamfuata.

"Nyumba yenye haina mutu wa kuficha sukari, kesho watoto wanalala njaa. Mutoto wenu tunamuchukua." Akafuta macho, akanigeukia. "Lakini rimoti, mama. Rimoti nayo inaliwa?"

Nimewahi kujibu maofisa wenye nyota mabegani. Hapa niliinama nikaokota maua ya plastiki.

Mashine ilimaliza, mlango ukafunguka. Rimoti imetoka safi, inanukia, na imekufa. Sukari hakuna. Harusi ipo.

Wageni walipoondoka nikawaita wote sebuleni, nikatoa amri moja. Yule mnunua vyuma asije. Friji bovu libaki huko huko nyuma, waya wake ukatwe kabisa, na mtu yeyote asiniulize la nini.